Wembe unachoma kwa msuguano, si kwa uchafu

Nenda duka la dawa useme unatafuta dawa ya vipele vya wembe miguuni. Muuzaji mmoja atakupa spiriti, mwingine tyubu ya fangasi, wa tatu krimu yenye steroidi huku akikuhakikishia kwamba "hii inamaliza kila kitu". Dada wa saluni atakwambia kosa lako ni kutumia wembe mpya. Shangazi atasema kosa ni kunyoa miguu yenyewe, mbona enzi zao hawakunyoa na waliolewa. Mitandaoni ndiko usiseme: limau, dawa ya meno, magadi, maji ya mchele.

Ushauri wote huo unagongana kwa sababu swali lenyewe halijanyooka. Tunachokiita vipele vya wembe ni matatizo matatu yanayotokea mahali pamoja, na dawa ya moja mara nyingi hulichochea jingine.

La kwanza ni kuungua kwa wembe. Hili halina subira: linaanza ukiwa bado bafuni au dakika chache baada ya kutoka. Ngozi inawaka, inawasha, inabana, na ukipaka losheni unaruka. Hakuna usaha wala kipele chenye kichwa. Maelezo mengi ya kitabibu yanasema ngozi huwa nyekundu, lakini hayo yaliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Utaona sehemu imekolea rangi kidogo, au imepauka na kuchubuka, au usione chochote, ila ukiigusa kwa mgongo wa kiganja utasikia joto. Hali hii huisha yenyewe kwa saa kadhaa hadi siku mbili tatu, ukiiacha.

La pili ni nywele kurudi ndani. Hili huja baadaye, siku kadhaa baada ya kunyoa, pale nywele zinapoanza kuota tena. Unywele uliokatwa kwa mshazari una ncha kali. Kama ni wa kujikunja, hupinda ukaichoma ngozi ya pembeni, au hushindwa kabisa kutoka kwenye tundu lake. Mwili unauchukulia kama mwiba na kuushambulia, na hapo ndipo kinapotokea kile kipele kigumu chenye kidoti cheusi katikati. Sisi wenye nywele za kipilipili tunaandamwa zaidi na jambo hili: wanaume shingoni na kidevuni, wanawake kinenani na sehemu ya juu ya mapaja. Kwenye muundi, ambako nywele za watu wengi zimenyooka zaidi, si sana.

La tatu ni maambukizi. Bakteria wanaoishi juu ya ngozi yako kila siku bila shida wamepata mlango wa kuingilia kwenye tundu la unywele. Kipele kina kichwa cheupe au cha njano, na kinauma ukikigusa.

Kuna na wageni wasiohusika. Vile vipele vidogo vikavu vinavyokwaruza mapajani na nyuma ya mikono, ambavyo umekuwa navyo tangu shuleni na vipo hata pale usiponyoa, ni hali ya ngozi ambayo madaktari huiita keratosisi pilarisi. Wembe haukuileta. Na kama muwasho umefika hadi sehemu ambazo wembe haukupita, ichunguze losheni yako kwanza.

Kinachotokea wembe unapopita

Nianze na ngozi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo mkanganyiko wote ulipozaliwa. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni chembe zilizokufa, bapa, zilizopandana kama makuti ya paa na kushikwa pamoja na mafuta ya asili ya mwili. Kazi yake ni kuzuia maji ya ndani yasitoke na vya nje visiingie. Tabaka hili ni jembamba sana. Kwenye muundi unene wake haufikii hata ule wa unywele mmoja wa kichwani.

Wembe hauna macho ya kutofautisha unywele na kuti. Kila unapopita hukata nywele na pia huondoka na sehemu ya tabaka hilo. Ule ukungu mweupe unaoganda katikati ya nyembe, ambao wengi wanadhani ni sabuni tupu, una ngozi yako ndani yake. Ukipita mara moja juu ya povu zito, kinachoondoka ni kidogo na ngozi hujirudishia. Ukipita mara tatu au nne palepale, povu limeshakauka, na umekandamiza kwa sababu wembe ni butu, paa linatoboka. Maji yanavuja, ngozi inakauka na kubana. Sabuni, jasho, manukato na chumvi vinapenya hadi kwenye ncha za neva. Huko ndiko kuwaka kunakotoka.

Kwa hiyo tatizo hili ni la msuguano. Halikuletwa na vijidudu, na huwezi kulimaliza kwa kuua vijidudu. Ndiyo maana spiriti ni jibu baya. Inayeyusha na kuondoa mafuta yaliyobaki yakishikilia tabaka la juu, yaani unakuta paa limetoboka halafu unang'oa na kamba. Dettol isiyochanganywa na maji inafanya vivyo hivyo, na chupa yenyewe imeandikwa ichanganywe. Ile imani kwamba dawa ikiuma ndiyo inafanya kazi imewatesa watu wengi bure.

Limau ni baya kuliko vyote. Mbali na ukali wake, limau na ndimu vina kemikali ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huiunguza kweli, hadi malengelenge, na baadaye huacha mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi, pengine miezi. Mtu aliyetaka kuondoa weusi wa wembe anauongeza. Dawa ya meno nayo ina mentholi, ndiyo unasikia ubaridi, na sabuni ndani yake inaendelea kukausha.

Kazi kubwa iko kabla ya wembe

Ukinitaka nichague jambo moja tu la kubadilisha, nitakwambia muda wa kunyoa. Wengi hunyoa mwanzo wa kuoga, au wakiwa wamekaa ukingoni mwa kitanda na kopo la maji, dakika mbili kabla ya kutoka. Unywele mkavu ni mgumu na unahitaji nguvu kuukata. Ukilowa kwa dakika chache hunywa maji, huvimba na kulainika, na wembe hupita bila kuuvuta. Nyoa mwisho wa kuoga.

Tatizo ni kwamba ushauri huu umeandikwa na watu wa mabafu ya maji moto yanayotiririka robo saa. Anayeoga kwa ndoo hana anasa hiyo. Maji yanapita miguuni mara mbili tatu yakaisha. Fanya hivi: lowesha taulo dogo au kipande cha kanga kwa maji ya uvuguvugu, zungushia mguu kuanzia gotini hadi kifundoni, liache hapo dakika tatu hadi tano huku ukiendelea na mengine. Maji ya baridi sana ya alfajiri hayafai, kwa sababu ngozi husisimka na matundu ya nywele huinuka, na wembe unakata vile vichwa vilivyoinuka.

Halafu povu. Hapa wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani wana mtihani wao wa pekee: maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni ya kawaida ikikutana na madini yaliyomo, hasa kalsiamu na magnesiamu, hugeuka utando mweupe badala ya povu. Unauona ukingoni mwa beseni. Sasa mtu anajipaka sabuni miguuni, anaona weupe, anadhani ana povu, kumbe anachonacho ni utando usioteleza, na wembe unakwaruza ngozi tupu. Jipime: paka, subiri kidogo, kisha pitisha kidole. Kama hakitelezi, wembe nao hautateleza. Sabuni ya mche ndiyo kabisa. Imetengenezwa kwa ajili ya nguo na ina ukali ambao ngozi haiupendi hata bila wembe.

Huhitaji kununua povu la kopo la bei. Kondishena ya nywele, hata ile ya bei ya chini kabisa sokoni, inateleza vizuri na haigandi kwenye maji ya chumvi. Mafuta ya nazi yanafaa pia, ila huziba katikati ya nyembe na kuigeuza sakafu ya bafu kuwa hatari. Chagua shida yako.

Wembe mpya hauna hatia

Hofu ya wembe mpya ni ya zamani na ina chanzo chake: wembe mpya ukiukandamiza kwa nguvu uliyozoea kuutumia kwenye wembe butu, unakukata. Lakini kosa hapo ni la mkono. Wembe butu unakulazimisha kukandamiza na kurudia, na kurudia ndiko kunakotoboa paa.

Ajabu ni kwamba unywele laini unaweza kuharibu chuma. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science walichokiona walipochunguza makali ya nyembe za kawaida kwa hadubini. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa takriban mara 50, lakini ukipinda na kugonga makali katika pembe fulani, mahali ambapo chuma hakiko sawasawa, humegua vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo wembe unaweza kung'aa, usiwe na kutu hata chembe, na ukawa umeharibika. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinashauri kubadilisha wembe baada ya kunyoa mara 5 hadi 7. Kwa nyembe za plastiki za dukani zinazouzwa moja moja, mimi nisingefika huko. Ukianza tu kuvuta, utupe.

Na wale wanaoshika wembe mtupu, ule bapa wa karatasi, kwa vidole viwili? Kucha unakata vizuri. Kwenye muundi, ambako mfupa uko karibu kabisa na ngozi, hauna kinga na huwezi kushika pembe ileile kutoka juu hadi chini. Tafuta wenye mpini. Idadi ya nyembe kwenye kichwa cha mpini nayo isikutishe wala kukuvutia. Nyembe tano maana yake ngozi imepitiwa mara tano kwa mkono mmoja. Isitoshe, ya mbele huvuta unywele juu na ya nyuma huukata, kisha unywele unarudi chini ya usawa wa ngozi. Ni laini sana kwa siku mbili, halafu wenye nywele za kujikunja wanalipa. Kama unasumbuliwa na nywele kurudi ndani, wembe mmoja au nyembe mbili zinatosha.

Mwelekeo sasa. Nywele za miguuni kwa kawaida zimelala kuelekea chini, ingawa mapajani na nyuma ya goti hugeukageuka. Pitisha kiganja uzisikie. Anza kutoka gotini kushuka. Najua karibu kila mtu anafanya kinyume, kutoka kifundoni kupanda, na kuna ngozi zinazovumilia. Yako ingekuwa inavumilia usingekuwa unasoma makala hii. Ukimaliza kushuka na bado hujaridhika, paka povu upya, pita kwa upande. Miguu iliyobaki na ukwaruzi kidogo haijamshtaki mtu. Hakuna anayekuja kukupima kwa kidole.

Mkono uwe mwepesi, uzito wa mpini unatosha. Suuza wembe kila baada ya kupita mara moja, kwa kuutikisa ndani ya maji na si kuugonga ukingoni mwa beseni, maana hapo unamalizia makali yaliyobaki. Goti likunje ili ngozi inyooke. Kwenye kifundo na ule mfupa wa mbele punguza mwendo. Ukimaliza, kung'uta wembe uutundike pakavu, usiuache kwenye kisahani cha sabuni.

Baada ya hapo, mwagia maji ya baridi, kausha kwa kugandamiza kanga taratibu bila kusugua, kisha paka kitu kisicho na manukato: vaselini, mafuta ya nazi, losheni ya kawaida. Nyoa usiku, ngozi ipate kulala kabla ya suruali ya jinzi, jasho la daladala na jua. Ukipanga kwenda baharini Jumapili, nyoa Ijumaa.

Mabibi harusi wa pwani wanakosea hapa zaidi ya wote, kwa haraka ya siku zenyewe. Miguu inanyolewa asubuhi, alasiri inasuguliwa singo. Singo ni tamu, ina asumini, waridi na langilangi, lakini mara nyingi ina karafuu pia, na karafuu juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa ni moto. Msuguano juu ya msuguano. Singo itangulie, wembe ufuate siku mbili baadaye, au kinyume chake kwa nafasi hiyohiyo.

Ukishaungua tayari, weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, paka utomvu safi wa alovera kama unao, kisha usiguse. Usinyoe tena mpaka hali ipite. Krimu hafifu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 inaweza kupunguza muwasho kwa siku chache. Zile kali, zenye klobetasoli au betamethasoni, ambazo ndizo hizohizo zinazoingia kwenye mkorogo, hutuliza haraka kweli, lakini zikitumiwa muda mrefu hukondesha ngozi, na kila unaponyoa unaungua zaidi. Anayejichubua miguu kisha akashangaa kwa nini wembe unamchoma, jibu analo kwenye kopo lake.

Nywele zilizorudi ndani zinahitaji kitu kingine: muda. Acha kunyoa wiki kadhaa, nyingi hujichomoa zenyewe zikirefuka. Kuzichokonoa kwa pini kunaacha jeraha, doa jeusi, na kwa mwenye asili ya makovu ya kuvimba, kovu la maisha.

Je, zitaota nene zaidi?

Haziongezeki unene. Mwaka 1928 mtafiti Mildred Trotter wa Marekani aliwapima wanaume wanne walionyoa nyuso zao kwa utaratibu maalumu, hakuona mabadiliko ya unene wala kasi ya kuota. Mwaka 1970 utafiti mwingine wa Marekani ulikwenda hasa kwenye miguu: wanaume watano walinyolewa mguu mmoja kila wiki kwa miezi kadhaa, mwingine ukaachwa. Nywele zikapimwa uzito, upana na kasi, na tofauti ya maana haikuwepo. Unachokisikia kwa kiganja ni ncha. Unywele ambao haujawahi kukatwa huishia mwembamba; ukikatwa, kinachochomoza ni kile kipande kinene cha katikati, butu. Shina lililo ndani ya ngozi halina habari kwamba juu kumekatwa.

Kama wembe haukufai kabisa, zipo njia nyingine. Krimu na poda za kunyolea huyeyusha unywele, lakini ukizidisha dakika zilizoandikwa huyeyusha na ngozi. Sukari na waksi hung'oa, kwa hiyo hupunguza safari, ingawa nywele kurudi ndani bado kupo. Mashine ya kinyozi, ile isiyogusa ngozi, huacha nywele fupi mno na kuunguza hakuna; kwa mwenye vipele sugu ndiyo ningempa kwanza. Na kutonyoa kabisa ni chaguo halali. Nywele za miguuni hazina ugonjwa.

Vidonda usivyoviona

Hata unyoaji mzuri huacha vidonda vidogo visivyoonekana. Ndiyo maana wembe wa dada, wa mume au wa mwenzako chumbani si wa kuazima. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku zisizopungua 7, na hakihitaji damu unayoweza kuiona. Mwenye kisukari awe mwangalifu mara mbili, hasa chini ya goti, kwa sababu kidonda kidogo cha mguu kwake hakikawii kukua. Ukiona usaha unaongezeka, joto na uvimbe vinapanda mguuni, au homa, hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Na vidonda hivyo vidogo ndivyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu upasuaji, linapinga vikali kumnyoa mgonjwa kwa wembe kabla ya kupasuliwa. Ikibidi nywele zitoke, zikatwe kwa mashine. Shirika hilohilo halishauri kumnyoa mama sehemu za siri kama utaratibu wa kawaida kabla ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Bado kuna wajawazito wanaokaa usiku kucha na wembe na tumbo la miezi tisa wakihofia maneno ya wodini. Wembe unaotajwa kwenye orodha ya vifaa vya kujifungulia ni wa kukatia kitovu cha mtoto. Ufike hospitali ukiwa kwenye karatasi yake, haujafunguliwa.